Herufi Zilizovaa Viatu

Jumamosi, 14 Machi

Mawingu tangu asubuhi, lakini hakuna tone.

Mwalimu Nakhumicha ametuagiza tuandike shajara mpaka mvua za masika ziishe. Atakagua tarehe tu, hatasoma. Alisema tuanze kila siku kwa hali ya hewa, kwa sababu mtu aliyeanza kwa kusema ukweli kuhusu mvua huona haya kudanganya mstari unaofuata. Sijui. Tutaona.

Mimi ni Munyiva, kidato cha tatu. Tunakaa Kitengela, katika ploti iliyo nyuma ya mashine ya kusaga ya Munguti, vyumba viwili. Mama yangu, Nzilani, anafunga maua ya waridi katika shamba moja huko Isinya. Baba yangu, Muteti, anaandika mabango ya maduka kwa brashi.

Herufi za Baba zinajulikana hapa. Ni nene mwilini na nyembamba viungoni, zina kivuli chekundu upande wa kulia, na kila mguu unaishia kwa kipande kidogo kilicholala, kama kisigino na ncha ya kiatu. Baba huviita viatu. "Herufi bila viatu ni ya kwenda kulala," husema. "Ile ya kusimama barabarani lazima ivae." Wageni hudhani ni mabango ya zamani sana, ya wakati wa kujengwa reli, kumbe mengine rangi bado inanata.

Alhamisi watu wa barabara walipita na ndoo ya rangi nyekundu. Wameandika X, alama ya kuvunjwa, kwenye kila kibanda kilichosimama ndani ya hifadhi ya barabara. Leo nimetembea kutoka steji ya matatu hadi mtaa wa Noonkopir nikahesabu mabango ya Baba. Ni kumi na saba. Kumi na mawili yako kwenye vibanda vyenye X.

Jumatano, 18 Machi

Mvua ya kwanza, saa kumi jioni, nzito.

Nilipotoka shule nilimpata Baba akimalizia bango la kinyozi mmoja wa mtaani kwetu, nje ya ile njia niliyohesabu, mtu wa Bungoma anayeitwa Wanyama. Bango linasema KINYOZI WANYAMA. Wapita njia wanamtania kwamba sasa ataletewa mbuzi anyoe. Yeye anajibu, "Leteni tu, mbuzi hasumbui kama nyinyi."

Baba alishuka ngazi, akarudi nyuma hatua tano, akaniuliza, "Mwaitu, mstari umenyooka?"

Mwaitu ni "mama" kwa Kikamba. Nimepewa jina la mama yake, kwa hivyo ndivyo anavyoniita hata anaponituma chumvi.

Mstari haukuwa umenyooka. Ulikuwa umeshuka upande wa kulia kwa upana wa kidole. Baba hajawahi kuniuliza swali hilo maishani mwangu. Yeye ndiye huwaambia wengine.

Nikasema, "Umenyooka, Baba."

Nilianza kwa mvua, Mwalimu, na bado nikadanganya.

Jumamosi, 21 Machi

Manyunyu.

Morgan Obura alikuja kwetu. Ana duka la kuchapisha mabango ya plastiki karibu na steji, na kwa muda mrefu mimi nimemwona kuwa adui, kwa kuwa wateja waliokuwa wakimngoja Baba siku tatu sasa wanamngoja Morgan nusu saa. Amevuka miaka ishirini na mitano hivi na hutembea kama mtu anayechelewa.

"Mzae, niko na wazo," alimwambia Baba. "Hizi herufi zako ni moto. Hakuna fonti kama hizi kwa kompyuta yote. Nipe A mpaka Z, nazipiga skani, nazitengeneza. Hata vibanda vikivunjwa, herufi ziko."

Baba alikuwa akisafisha brashi kwa thina. Hakuinua uso.

"Herufi zangu si za kubonyeza," alisema.

"Lakini mzae, kompyuta haizeeki."

"Na mimi nimezeeka?"

Morgan alinitazama mimi, kisha akatazama brashi. Baba alikuwa ameshika kitambaa pembeni mwa brashi, akipangusa hewa.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua usiku kucha. Matope hadi kwenye soksi. Bado kumi na saba.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Mama amerudi akalala na viatu. Waridi zinaota ukungu msimu huu, kwa hivyo wanazichambua mara mbili.

Jumapili, 29 Machi

Jua dogo baada ya kanisa, kisha mvua.

Baba alimimina chai nje ya kikombe. Si kidogo. Alimimina mpaka chai ikafika ukingo wa meza ndipo akasikia ikidondoka.

Mama alimshika kidevu akamgeuzia dirishani. Nami niliona. Katika mboni ya jicho la kulia kuna weupe, kama tone la maziwa ndani ya maji.

"Tangu lini?" Mama aliuliza.

"Ni vumbi."

"Vumbi gani wakati wa mvua, Baba Munyiva?"

Alijitoa mkononi mwake akaenda kusimama mlangoni. Mama alisema kuna madaktari wa macho watakuja hospitali ya Kajiado mwezi wa tano, wametangaza kanisani. Baba alisema hawezi kumpa mtu jicho alichokoe. Mama akaniambia kwa sauti ambayo alijua itafika mlangoni, "Baba yako ana jicho moja la kuonea na moja la kiburi. Shida ni kwamba limeharibika lile la kuonea."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua asubuhi. Tumefunga shule.

Nimeamua. Nitanakili herufi zote za Baba, A hadi Z, nimpelekee Morgan. Sitamwambia Baba mpaka zitakapokuwa tayari. Nikiuliza atakataa, na akikataa sitaweza kumkosea. Afadhali kumkosea mtu ambaye bado hajakataza. Nimesoma sentensi hiyo mara mbili na inanuka vibaya, lakini naiacha.

Nina karatasi nyembamba tuliyopewa ya kunakilia ramani kwenye Jiografia, na penseli mbili.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua ya kukatika katika.

Ninafanya kazi chini ya mabaraza, mgongo ukilowa. B na M nimezipata kwenye mashine ya Munguti. V ni ya fundi mmoja anayeshona viatu, bango lake lasema FUNDI WA VIATU. Z iko kwenye MAZIWA. Q nilitembea saa nzima kuifuata kule machimbo ya mawe, ambako Baba aliandika QUARRY nilipokuwa darasa la pili. Imemwagikiwa vumbi jeupe lakini bado imevaa.

Irabu ziko kila mahali, na hazifanani. Nimechagua zile nzuri zaidi. Mwisho wa DUKA kuna A ambayo mguu wake wa kulia unanyooka, unajikunja na kurudi, kama mkia wa paka aliyeketi. U nimeitoa mwisho wa VIATU, E mwisho wa CHAKULA CHA WOTE, I na O mwisho wa MAHINDI NA MAHARAGWE KWA KILO, I kwenye MAHINDI na O kwenye KILO. Zote zina mikia. Nilizinakili polepole sana. Nadhani ndizo kitu kizuri zaidi ambacho mkono wangu umewahi kufanya.

Jumamosi, 11 Aprili

Mawingu, upepo wa baridi.

Imebaki X. Hakuna duka lolote la Baba lenye X. Nilizunguka mpaka nikafika kwenye bucha ya Mzee Parsaoti, kando ya barabara ya Namanga. Baba aliliandika bango lake kabla sijazaliwa. Nililazimika kusimama kwa sababu pale, ukutani, kulikuwa na X kubwa kuliko mimi. Ile nyekundu.

Nilimsalimu Mzee Kimaasai, kwa kumwinamishia kichwa, akanigusa utosini.

"Unaitazama hiyo?" alisema. "Mbaya, sivyo? Sisi hata ng'ombe tunamchoma chapa nzuri kuliko hiyo. Huyu aliandika kama anafukuzwa."

"Utahamia wapi, Mzee?"

"Hapo nyuma, mita mia moja. Nimenunua mawe tayari. Nyama haijali barabara." Alifuta kisu kwenye aproni. "Mwambie Muteti nataka bango jipya. Si plastiki. Plastiki mwezi wa nane upepo wa Kajiado unaivua kama ngozi."

Nilikaa kwenye kreti nikaichora ile X ya ukutani, mifupa yake tu, mistari miwili peku. Kisha nikainenepesha mwili, nikaipunguza kiunoni pale inapokatana, nikaipa kivuli upande wa kulia. Halafu nikaivalisha viatu, vinne.

Nilisitasita kuiweka pamoja na zingine, kwa sababu si ya Baba. Lakini Morgan alisema ishirini na sita.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua.

Nimempa. Morgan alizishika karatasi kwa ncha za vidole kama picha ambazo hazijakauka. "Munyiva," alisema, "wewe ni noma." Aliniuliza kama Baba amekubali.

Nikasema, "Atakubali."

Hakuniuliza tena. Labda naye alitaka kuamini. Kuanzia leo simwiti adui.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua ilikatika saa tatu, na saa nne mashine ya kubomoa vibanda ikafika. Wameanzia upande wa steji. Yamebaki kumi na tatu.

Jumatano, 22 Aprili

Kumi na moja. DUKA limelala kifudifudi kwenye mtaro. Ile A iko chini ya maji.

Jumatatu, 27 Aprili

Tumefungua shule. Mvua. Yamebaki tisa. Mwalimu Nakhumicha alikagua tarehe zangu akaweka alama ya vema bila kusoma. Nilitamani asome.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua. Mama: miiba mitatu kwenye kidole kimoja. Baba: hana kazi wiki nzima, anasema ni kwa sababu ya unyevu. Mimi: nimechoka, na sina sababu ya kutosha.

Jumamosi, 2 Mei

Jua kali asubuhi. Nakumbuka vizuri kwa sababu bango lilikuwa linang'aa.

Gakuru ana duka la vifaa vya ujenzi kwenye njia panda. Leo amepandisha bango la plastiki upana wa ukuta mzima: GAKURU HARDWARE. SARUJI, MABATI, MISUMARI, RANGI. Na herufi ni za Baba.

Kwa dakika moja nilifurahi hadi nikasikia joto masikioni. Kisha nikasoma vizuri.

Kila irabu ilikuwa na mkia, hata ya katikati ya neno. Katika MABATI, A ya kwanza ilikuwa imeingiza mkia wake tumboni mwa B, na ya pili ilikuwa imemtega T mguu. Katika SARUJI mkia wa U ulipita chini ya J ukatokea upande wa pili. Herufi zilikuwa zinakanyagana kama watu wanaotoka kanisani mvua ikianza.

Watu walikuwa wamesimama.

"Huu si mwandiko wa Muteti?" mwendesha boda mmoja aliuliza.

"Ni wake. Cheki viatu."

"Leo amelewa."

"Muteti halewi. Ni macho. Mliliona lile la kinyozi? Limeshuka hivi." Akaonyesha kwa mkono, kama ndege inayotua.

"Pole yake. Mzee amekwisha."

Nilikimbia mpaka kwa Morgan. Duka lilikuwa na foleni, mashine inalia, na yeye ana wino hadi kwenye nyusi. Nilimwambia bango la Gakuru limeharibika.

"Limeharibika aje? Nimetumia A uliyonipa."

Na ni kweli. Hakuwa amebadilisha chochote. Alitumia A niliyompa.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua kubwa kuliko zote za msimu huu.

Baba alikuwa ameliona. Alikwenda peke yake jana jioni, akarudi, hakula. Leo nilipotoka shule nilimpata amevaa koti, anatafuta mwavuli. Anataka kwenda kwa Morgan.

"Yule kijana ameniibia," alisema. "Tena ameniibia vibaya. Kama angeiba vizuri ningenyamaza. Mji mzima unasema mkono wangu umekufa!"

Mama hakuwepo. Mvua ilipiga mabati hadi tukawa tunazungumza kwa kupiga kelele.

"Baba, usiende!"

"Nani alimwonyesha herufi zangu? Hizo si picha za simu! Mtu alikaa akazichora moja moja!"

"Ni mimi!"

"Nini?"

"Ni mimi nilimpa!"

Aliweka mkono sikioni. Mvua kwa hakika haikutaka nimalize. Nilivuta pumzi nikapaza sauti yangu yote: "NI MIMI NILIYEMPA MORGAN!"

Na papo hapo mvua ikapungua, kama vile mtu amefunga mfereji. Sentensi yangu ilibaki peke yake ndani ya ploti nzima.

Kutoka nyuma ya ukuta, jirani yetu Immaculate akauliza, "Munyiva? Umempa Morgan nini?"

"Herufi!" nilijibu, nikilia.

"Aa," alisema Immaculate. "Nilidhani ni mambo mengine."

Siku nyingine Baba angecheka mpaka akae chini. Alivua koti, akalitundika, akakosa msumari, koti likaanguka. Hakuliokota. Alinitazama, na ndipo nilipojua kwamba ananitazama kwa jicho moja, la kushoto, na kwamba ameinamisha kichwa ili kunipata.

"Kwa nini, Mwaitu?"

Nilisema kweli. Nilisema kwamba mstari wa kinyozi haukuwa umenyooka. Kwamba nilimdanganya. Kwamba mabango yalikuwa kumi na saba, sasa ni manane, na nimekuwa nikiyahesabu kila siku kama mgonjwa anayehesabiwa pumzi. Kwamba niliogopa siku moja nitasahau jinsi G yake inavyopinda. Nilifikiri akisikia hivyo atanihurumia.

Alisema, "Kwa hivyo ulijua," akaingia chumba cha pili.

Jumanne, 5 Mei

Mvua. Baba hajasema nami.

Jumatano, 6 Mei

Mvua. Hajasema. Yamebaki saba.

Alhamisi, 7 Mei

Manyunyu. Alisema, "Funga mlango." Nimeyaandika kwa sababu ni maneno mawili.

Mzee Parsaoti alipita jioni. "Supa, Muteti." "Epa." Wakishasalimiana hivyo kwa Kimaasai, walikaa nje chini ya paa wakinywa chai, na mimi nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi ili nisikie.

"Watu wananiambia nichukue plastiki," alisema Parsaoti.

"Chukua."

"Wanasema huoni."

Baba aliweka kikombe chini. "La kulia, sioni," alisema. Sijawahi kumsikia akisema hivyo. "La kushoto lanitosha mchana, jua likiwa nyuma yangu."

"Mimi niko na ng'ombe wa jicho moja," alisema Parsaoti. "Anakula upande mmoja wa njia akienda, upande wa pili akirudi. Hakosi kitu. Lakini simpi kazi ya kuongoza wengine." Aliinuka. "Nitangoja mpaka mwisho wa mwezi. Ukienda Kajiado, nenda. Usipoenda, niambie."

Jumamosi, 9 Mei

Mawingu mazito bila mvua. Sita.

Baba aliniita mezani. Alikuwa na karatasi ya mfuko wa saruji, upande wa ndani, na penseli ya seremala.

"Unajua mzani wa Mlolongo?" aliuliza. "Pale malori hupimwa. Nikiwa na miaka kumi na minane nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha pale. Foleni ilikuwa ya saa mbili, saa tatu. Kulikuwa na malori yaliyoandikwa kwa nyuma, herufi nzuri, zimevaa. Nikawa naweka ndoo ya mayai chini, naweka karatasi ya saruji juu ya herufi, nanakili. Foleni ikisonga, lori linaondoka na nusu ya herufi. Nyumbani naimalizia kwa kichwa."

"Nani alikuwa ameziandika?"

"Sikujua. Na sikuuliza." Alinitazama kidogo. "Miaka miwili baadaye nikampata, yadi moja ya Athi River. Mzee Githongo. Nikamwonyesha kazi yangu, nikidhani atanisifu. Akasema, 'Hizi ni zangu.' Nikasema ndiyo. Akaniuliza, 'Na yako ni ipi?' Nilitafuta. Sikuwa na hata moja."

"Alikufukuza?"

"Alinipa ndoo nikoroge rangi. Miaka minne. Mikia ndiyo yangu, Mwaitu. Hiyo peke yake. Na umeiweka mahali pasipo pake."

Kisha akanieleza, na nilishangaa kwamba nimeyaona mabango haya maisha yangu yote bila kuyasoma. Githongo aliandikia malori majina ya Kizungu. Baba alipoanza kuandika maduka, kwa Kiswahili, aliona kwamba kila neno linaishia kwa irabu. "Neno likifika mwisho, linaketi. Mkia ni wa kuketi. Ile ya katikati ni A ya kupita. Haina mkia, imefunga miguu ili mwenzake apite. Ukiketisha kila mtu katikati ya njia, ni nani atapita?"

Alifumba macho yote mawili, akachora. A ya kupita. E ya kupita. I, O, U. Akiwa amefumba macho mkono wake haukutetemeka wala kukosa. Nilizinakili, akazipitia kwa kidole gumba, kusikia alama ya penseli.

Nilidhani tumemaliza. Akaniambia nilete zile karatasi zangu zote. Nilikuwa nimezichukua tena kwa Morgan. Alizileta karibu na jicho la kushoto moja baada ya nyingine, hana haraka. B. G. Q, akatabasamu kidogo. Alifika X akasimama.

"Hii umeitoa wapi? Mimi sijawahi kuandika X."

"Ukutani kwa Mzee Parsaoti."

"Ile ya watu wa barabara?"

"Ndiyo. Niliivalisha."

Aliigeuza huku na huku. Aliipeleka dirishani. Nilisubiri aseme kiuno ni kinene, kwa maana ni kinene kidogo. Alirudi, akaiweka juu ya zingine zote.

"Jumanne ni siku ya kuandikisha kule Kajiado," alisema. "Mwambie Mama yako nitaenda."

Jumatatu, 11 Mei

Mvua kidogo.

Nilimpelekea Morgan zile tano. Alikuwa ameketi sakafuni, mashine imefunguliwa tumbo, anakula andazi. Alisema Gakuru amemrudishia bango, naye Morgan ameahidi kumchapia jingine. Hakunilaumu. Sikujua kwamba mtu wa kompyuta naye huchoka namna hii.

"Kwa hivyo A ni mbili," alisema. "Ya kupita na ya kukaa. Na mimi nikawakalisha wote." Alifunga macho. "Mwambie mzae nitaifundisha kompyuta. Ikiona neno limeisha, ikalishe herufi. Inawezekana. Nipe wiki."

Kisha akaniuliza, "Alikubali kweli safari hii?"

"Amezichora mwenyewe."

Ijumaa, 22 Mei

Mawingu hapa, jua Kajiado.

Wamemfanyia jicho la kulia. Nilikosa shule, Mama alikosa kazi, tukakaa kwenye benchi tangu saa moja. Alitoka na bandeji, mkono wake ukitafuta bega langu. "Hawakulichokoa," alisema, kama mtu aliyeshindwa hoja. Asiguse thina wala kupanda ngazi kwa wiki sita.

Mama alilala akiwa ameketi, njia yote ya kurudi. Yamebaki matano. Hayana X, kwa hivyo nadhani hapo ndipo mwisho.

Jumapili, 24 Mei

Jua. Bandeji imetoka tangu jana. Amevaa miwani myeusi, anasoma majina ya viberiti kwa sauti.

Jumatatu, 1 Juni

Jua. Sikukuu ya Madaraka, hakuna shule. Nadhani mvua imekwisha.

Bucha mpya ya Mzee Parsaoti ni ya mawe yaliyochongwa ya hapa hapa Kitengela, na juu ya mlango Baba alinifanya nipake rangi nyeupe mara mbili, Ijumaa na Jumamosi. Leo saa mbili nilipanda ngazi. Baba aliketi chini kwenye kreti, miwani usoni, mbali na thina kama alivyoagizwa. Parsaoti alisimama karibu naye, mikono mgongoni.

"Ni msichana ataandika?" mtu mmoja aliuliza.

"Wewe unataka nyama ama unataka kuuliza?" alijibu Parsaoti.

BUCHA YA PARSAOTI. Baba huanza katikati, kamwe haanzi kushoto, ili neno lisije likakosa nafasi na kubanwa mwisho. Nilihesabu. Katikati ya bango hili hakuna herufi. Kuna pengo, kati ya YA na PARSAOTI.

"Baba, katikati ni patupu."

"Basi anzia patupu. Weka alama ya chaki, uende pande zote mbili."

Nilipiga uzi wa chaki, nikaegemeza mkono kwenye fimbo ili utulie. Niliandika mpaka saa saba. A ya PAR ni ya kupita. A ya SAO ni ya kupita. A ya BUCHA na ya YA zinaketi, na I ya mwisho kabisa niliipa mkia nikaukunja chini ya T, bila kuigusa. Mkono ulitetemeka kwenye R, inaonekana. Sikuifuta. Viatu vyote nilivivalisha mwisho, kama Baba anavyofanya.

Nilishuka. Nilirudi nyuma hatua tano. Sikumwuliza kama mstari umenyooka, niliogopa.

Baba aliinuka kutoka kwenye kreti, akavua miwani, akafumba jicho la kushoto kwa kiganja. Alitazama kwa lile la kulia peke yake.

"R imeogopa," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Itazoea." Aliendelea kutazama. "Yale mabango unayoyahesabu. Yamebaki mangapi?"

"Matano."

Hakuondoa macho ukutani, ambako rangi ilikuwa bado mbichi na nzi mmoja alikuwa ameanza kuichunguza.

"Hesabu tena," alisema.